Mfuko wa Maziwa Uliokataa Kwisha

Wiki iliyopita mjukuu wangu Zuhura alinitumia ujumbe wa simu kutoka Mwanga, hapo Kigoma mjini, anakojifunza upishi: "Shikamoo Bibi. Eti lita moja ya mawese ni kilo ngapi?" Nilicheka peke yangu jikoni hapa Ujiji mpaka jirani akachungulia kuuliza kulikoni. Sikulicheka swali, maana swali ni zuri. Nilijicheka mwenyewe, kwa sababu nililiuliza swali la namna hiyo nikiwa nimeshapika miaka kumi na miwili, tena nililiuliza huku nalia.

Zuhura akawasomea wenzake darasani jibu langu, na sasa naambiwa mnataka niwaandikie yote. Haya, vuteni vigoda. Mimi ni Bi Tatu, mpishi mstaafu. Sikupika hotelini wala kwa mabwana wakubwa. Nimepika shuleni, nimepika bandarini, na miaka ile ya wakimbizi nimepika kwenye kituo cha watoto waliodhoofu, sufuria ya lita hamsini kila siku. Cheti sina, ila nina makovu ya mvuke kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Na niwaambie mapema kabisa, nina hasira za karibu na nina kiburi cha mikono yangu. Vyote viwili mtaviona humu.

Kwanza jibu, nisije nikasahau. Lita ya maji ni kilo moja. Lita ya mawese haifiki kilo, inaishia kwenye gramu mia tisa na kidogo. Ndiyo maana mafuta yanaelea juu ya mchuzi hata ukoroge vipi. Maziwa ya ng'ombe yanaizidi kilo kwa kidogo sana. Asali ni nzito, lita yake inakaribia kilo moja na nusu, na mkiipima kwa kikombe kilichotoka kupima mafuta itateleza yote bila kung'ang'ania. Sukari lita moja ni pungufu ya kilo, haipungui sana. Unga ndio mwongo wao wote. Ukiuchekecha ni mwepesi, ukiushindilia ni mzito, na kikombe ni kile kile.

Zuhura mwenyewe ameshalizwa na hilo. Simu yake ilimwambia kikombe kimoja ni mia mbili arobaini. Akapima unga wa ngano gramu mia mbili arobaini kwa kila kikombe, wakati ile mia mbili arobaini ilikuwa ya maji. Keki iliyotoka humo tuliitumia kuzuia mlango wa uani usipigwe na upepo. Nimemtania miezi mitatu sasa na sijachoka.

Lakini mimi siwezi kumcheka sana. Kosa langu halikuishia mlangoni.

Nianze na mzee aliyenifundisha, maana bila yeye ningestaafu mjinga. Mzee Ntakije alikuwa mkamuaji wa mawese wa Kidahwe, mtu mfupi, mashavu yake yameingia ndani, na koti la marehemu kaka yake lililomfika magotini. Kila Jumatatu alikuja kituoni na baiskeli yenye madumu mawili ya mawese ya kupikia maharage ya wafanyakazi. Nilimjua tangu zamani, nilipokuwa napika shuleni. Siku ya kwanza nilimfuata mwenyewe Kidahwe nikamkuta anaipua pipa. Mawese yanachemka, mekundu, yananukia mpaka roho inataka ugali pale pale. Nikamwambia anijazie dumu langu.

"Subiri yapoe," akasema.

"Mzee, nina safari. Jaza."

"Bi Tatu, mafuta ya moto yana maringo. Yakipoa yanarudi kwenye adabu yake."

Nilidhani anachelewesha makusudi ili nimpigie soga. Nikashikilia ajaze, akajaza mpaka shingoni. Nilipofika mjini na dumu limepoa, mafuta yalikuwa yameshuka vidole viwili. Nikamtukana njia nzima ya kurudi kwake kesho yake, kwamba kaniibia. Mzee hakubishana. Alitoa mizani yake ya kuning'iniza, ile yenye ndoana na mshale, akalipima dumu mbele yangu, akanionyesha kijiti alichokuwa amekichonga alama ya uzito wa dumu siku ile ya kwanza. Uzito ulikuwa ule ule. Kilichopungua ni nafasi tu.

"Usiniulize limejaa wapi," akasema. "Niulize lina uzito gani."

Mngedhani hapo nimeelewa. Nilielewa habari ya mawese. Kwamba habari ile ile inahusu kila kitu kinachoingia sufuriani, hilo halikunipitia kichwani. Binadamu anaweza kufundishwa jambo akalifungia kwenye dumu moja.

Sasa kituoni. Watu walikuwa wakivuka ziwa kwa maboti, wengi kutoka Kongo, wengine Burundi, na wale watoto waliokuwa wamedhoofu kupita kiasi waliletwa kwetu na mama zao. Kituo kilikuwa na mahema matatu, jiko la bati, na mkuu wetu alikuwa Nesi Leokadia, mwanamke wa Kasulu mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Yeye alipima watoto kila asubuhi. Mimi nilipika maziwa yao.

Maziwa yale hayakuwa ya kubahatisha. Yalikuwa dawa kwa mtoto ambaye tumbo lake limesahau chakula. Kwenye ukuta wa jiko kulikuwa na karatasi ya maelekezo, na kwa sufuria yetu kubwa iliandikwa maziwa ya unga kilo nne, mafuta kilo tatu, sukari kilo mbili na nusu, kisha maji yaliyochemshwa mpaka kufika alama ya hamsini. Si kumimina lita hamsini za maji, hapana, ni kujazia mpaka alama. Kuna mwenzangu alimimina hamsini kamili siku yake ya kwanza, sufuria ikafurika hadi kwenye viatu vyake. Na msije mkapika hayo nyumbani, ule ni mchanganyiko wa wauguzi.

Kila kitu nilikipima kwa mizani ya mezani, yenye sahani juu na mshale mbele. Ilikuwa mizani ya kilo kumi. Jumatatu moja nilikuwa na haraka, nikaweka juu yake debe zima la mafuta. Nikasikia kitu ndani kinasema *tii*. Nilipoliondoa debe, mshale ulikataa kurudi kwenye sifuri, ukaganda kwenye mbili kama mtu aliyeshtuka.

Nilimwambia Nesi Leokadia, "Mizani imeharibika." Sikumwambia imeharibiwa na nani.

"Mpya itachukua siku kadhaa kufika," akasema. "Utaweza bila mizani, Bi Tatu?"

Hapo ndipo kiburi kilipojibu kwa niaba yangu. "Nesi, mimi nimepika kabla ya mizani. Nina jagi la lita."

Na kweli nililiona jambo hilo jepesi. Darasa la nne, hapa hapa Ujiji, mwalimu wetu alipima lita ya maji mbele yetu, ikawa kilo moja kamili, tukaimba darasa zima: lita moja, kilo moja! Wimbo ule ulinikaa kichwani miaka thelathini. Basi Jumanne asubuhi nikafungua mfuko mpya wa maziwa ya unga, wa kilo ishirini na tano, nikachota majagi manne. Mafuta majagi matatu. Sukari mawili na nusu. Nikajazia maji, nikakoroga, nikaonja. Tamu. Nikajipongeza.

Mnajua unga wa maziwa ulivyo. Umejaa hewa. Jagi la lita linabeba nusu kilo na kitu kidogo. Ukijumlisha manne unapata kilo mbili na ushee, mahali palipotakiwa kilo nne. Mafuta na sukari vilikuwa karibu na sawa, ndiyo maana ulimi wangu haukugundua kitu. Nilikuwa nimewapikia watoto maji matamu yenye mafuta.

Aliyegundua alikuwa Mama Riziki.

Huyu alikuwa mama wa Kikongo, amevuka kutoka upande wa mji wa Baraka na watoto wawili. Mkubwa, Riziki, alikuwa na miaka kama sita, mwenye afya yake, mchokozi. Mdogo, Bahati, ndiye aliyemleta kwetu. Alifika na kilo sita kasoro akiwa na umri wa kutembea, ngozi ya mapajani imelegea kama suruali ya mtu mwingine. Kwa majuma mawili alikuwa amepanda vizuri, gramu kwa gramu, na mama yake alianza kucheka. Nesi Leokadia alikuwa amesema waziwazi kwamba mtoto huyu hajavuka bado, akirudi nyuma safari hii huenda tusimpate tena. Sote tulilijua hilo.

Jumatano Mama Riziki alikuja na kikombe mpaka dirishani pangu.

"Mama Tatu, hii maziwa ni mayi."

"Maji gani? Onja, ni tamu."

"Sukari iko," akasema. "Mafuta iko. Maziwa haiko."

Wanangu, alinitajia kosa langu lote kwa maneno sita, na kipimo chake kilikuwa ulimi. Mimi nilimjibu nini? Nilimwambia, "Kama hutaki weka hapo, wapo wanaotaka." Nikafunga dirisha. Nayaandika haya nikiwa nimekaa vizuri kwenye kiti changu, chai iko pembeni, maisha yamenitendea wema, lakini nikifika kwenye dirisha lile bado uso unanichoma.

Ijumaa, Nesi Leokadia aliingia jikoni na daftari lake la uzito. Watoto karibu wote walikuwa wamesimama pale pale kwa uzito. Akafikiri labda ni homa ya tumbo inazunguka mahema. Lakini Bahati hakusimama, alishuka. Siku mbili mfululizo.

"Huyu anakunywa kweli?" akaniuliza. "Au mama anampa yule mkubwa?"

Niliwahi kumwona Riziki analamba kikombe cha mdogo wake kikiwa kimekwisha. Kulamba tu, ulimi ndani ya kikombe kama watoto wote. Nikasema, "Nimemwona Riziki na kikombe cha Bahati." Sikusema kilikuwa kitupu. Sikudanganya, mnaona? Nilikata tu kipande cha ukweli nikakipakua peke yake.

Mchana ule ule, wakati wa foleni ya vikombe, Nesi alimwuliza Mama Riziki mbele ya wenzake. Yule mama alipiga magoti akaapa. "Mi sikumupa. Mi sikuuzisha. Hata tone." Kinamama waliangalia pembeni. Wengine walinong'ona, na minong'ono ya foleni inaumiza kuliko kofi. Jumamosi Riziki akahamishiwa hema la mbali, kwa mama mmoja aliyekuwa akiwaangalia watoto waliofika peke yao, mpaka mdogo wake apate nafuu. Nilimsikia akilia kuanzia kwenye hema lao mpaka lile. Mama yake hakulia. Alikaa na Bahati mapajani akimnywesha kijiko kwa kijiko mbele ya mlinzi aliyewekwa kumchunga, na kila kijiko alikiinua juu ili mlinzi akione.

Mimi nilikuwa nakoroga sufuria. Babu yangu mzaa baba alivuka ziwa lile lile, kutoka upande ule ule. Nyumbani kwetu walituambia alifika Ujiji na mkeka na kuku mmoja, akapokewa. Nilikuwa najua hadithi hiyo kwa moyo.

Jumatatu asubuhi nilijua mfuko wa maziwa umekwisha. Hesabu haikuwa ngumu. Kilo nne kwa siku, siku sita, ni ishirini na nne. Ingebaki kilo moja ya kukung'uta. Kila alfajiri nilichota kwenye giza la stoo, bila kuchungulia kilichobaki. Nikaenda stoo na mkasi wa kufungulia mfuko mwingine, nikaushika ule wa zamani pembeni nikitaka kuurusha kando.

Haukurushika.

Nikauangalia. Ulikuwa umejaa mpaka katikati. Nikaingiza mkono, unga ukanifika kwenye kiwiko. Nilisimama pale, mkono mweupe, nikiuliza kwa sauti kama mwendawazimu, "Wewe mbona umo?" Mfuko mzima ulikuwa umekataa kwisha. Na kichwani mwangu ikaja sauti ya Mama Riziki: sukari iko, mafuta iko.

Mzee Ntakije alinikuta hapo hapo. Alikuwa amefika na baiskeli yake, akasimama mlangoni akanisalimu, "Mwakeye, Bi Tatu," kwa Kiha kama kawaida yake, kisha akaona machozi na akavua kofia.

"Mzee," nikamwambia, "lita ya maziwa ya unga ni kilo ngapi?"

Hakuniuliza kwa nini. Alichomoa mizani yake ya kuning'iniza kwenye kapu la baiskeli, akaitundika kwenye boriti ya stoo. Akapima ndoo tupu kwanza, akaniambia nikumbuke. Huo ndio mwanzo wa kazi, vijana, chombo kitupu kwanza, kisha uutoe uzito wake kwenye jumla. Tukatia lita ya maji, ikaja kilo. Tukakausha ndoo, tukatia lita ya mawese. Pungufu kidogo. Tukakausha tena, tukatia jagi la unga wa maziwa, nimelisawazisha juu kwa kisu. Mshale ukapanda nusu ya njia ukachoka.

Nikakaa chini kwenye gunia la sukari.

"Bi Tatu," akasema taratibu, "wewe umekulia pwani ya ziwa. Wakikutwika kikapu cha dagaa wakavu wa Mwamgongo, kisha kikapu hicho hicho wakikijaza dagaa wabichi, shingo yako inasema ni kitu kimoja?"

"Hapana."

"Basi shingo yako inajua. Ni jagi ndilo lililokudanganya." Kisha akaongeza, na hili lilikuwa la kunionea huruma, "Hata mimi nililiuza dumu la kwanza maishani mwangu likiwa la moto."

Ningeweza kunyamaza. Nitawaambia kweli, wazo hilo lilikuja na lilikaa kitambo. Ningefungua mfuko mpya, nikaazima mizani ya mzee, nikapika sawasawa, watoto wangepanda tena na watu wangesema homa ya tumbo imepita. Ule mfuko nusu ningeumaliza polepole. Nani angejua? Lakini Riziki angebaki kwenye hema la mbali, na mama yake angeondoka pale siku moja akiwa na jina la mama anayemnyang'anya mwanawe chakula. Jina hilo nililipika mimi.

Nikaukumbatia mfuko, nikatoka nao mpaka hema la kupimia uzito. Nesi Leokadia alikuwa na mtoto kwenye mizani. Nikautua miguuni pake.

"Nesi, maziwa ya Bahati haya hapa. Hayakuuzwa, hayakunywewa na dada yake. Yapo humu, siku zote sita."

Nikamweleza yote, jagi, wimbo wa darasa la nne, na debe la mafuta lililovunja mizani. Alisikiliza bila kuniangalia, anaangalia mfuko. Nilitegemea anifukuze. Ningekuwa yeye ningenifukuza.

"Siku sita, Bi Tatu," akasema. Kisha, akimshusha mtoto kwenye mizani, "Na mimi siku zote sita sikuja jikoni kuangalia. Nilikwenda moja kwa moja kumwuliza mama." Akafunga daftari. "Kapike. Mimi naenda kumchukua Riziki."

Nilipika nikitumia mizani ya Mzee Ntakije, naye amesimama pembeni akinisomea mshale kama imamu anayesahihisha mwanafunzi. Unga kilo nne kamili. Mnajua kilo nne za unga wa maziwa zinavyoonekana? Ni kilima. Niliona aibu kwa ukubwa wake.

Mama Riziki alipewa kikombe cha kwanza. Riziki alikuwa tayari amemganda shingoni. Yule mama alionja, akafumba macho, akaonja tena.

"Leo maziwa iko," akasema.

Nikaanza kumwomba radhi kwa sauti ya chini. Akaniinulia kiganja.

"Mama Tatu, mulinisema mbele ya bamama bote. Sema na hii mbele yao."

Alikuwa na haki. Nikageuka kwenye foleni, kinamama kama arobaini na vikombe mikononi, nikasema kwa sauti yangu ya jikoni inayofika bandarini: Mama huyu hakumnyima mwanawe kitu. Mimi ndiye niliyepima vibaya, aliponiambia nikamfungia dirisha, na nilipoulizwa nikasema nusu ya nilichokiona. Hakuna aliyepiga makofi wala nini. Mama mmoja wa Kirundi alisogeza kikombe chake mbele akasema, "Haya, tupe basi," na foleni ikaendelea. Sijawahi kumshukuru mtu moyoni kama nilivyomshukuru yule.

Mizani mpya ilikawia. Mzee alihitaji yake. Kwa hiyo siku ile ile tulitengeneza kopo, na hili ndilo nataka mlichukue hata mkiyasahau mengine. Tulichukua kopo refu la bati lililokwisha mafuta. Tukalipima tupu. Tukatia unga wa maziwa kilo moja, bila kulitikisa wala kuligonga, tukasawazisha, tukakwangua mstari ndani kwa msumari. Tukamwaga, tukarudia mara tatu, kwa sababu mkono wa kwanza siku zote una haraka. Mistari ilipokubaliana tukaikaza. Sukari ikapata mstari wake, chini zaidi. Mafuta yakapata wake, chini ya ule wa sukari na juu ya pale maji yangefika. Na mawese, kama ni mawese, uyapashe kwanza mpaka yasiwe na madonge, kisha uyaache yatulie, maana asubuhi ya baridi nusu yake ni mafuta na nusu ni mgando. Pembeni ya kila mstari tulichora alama, kikombe kwa maziwa, duara kwa sukari, tone kwa mafuta, ili hata asiyesoma aweze kupima siku nikiugua.

Na tukaweka desturi. Kabla vikombe havijagawiwa, mama mmoja wa foleni, aliyechaguliwa kwa kura, anaonja. Kura ya kwanza ilimwangukia Mama Riziki, na ya pili, na ya tatu, mpaka tukaacha kupiga kura. Alikuja kila siku dirishani, sasa dirisha liko wazi, anaonja, anatikisa kichwa kukubali au anainua nyusi. Siku moja aliniambia sukari imezidi. Nikabisha. Tukapima. Ilikuwa imezidi.

Leo Zuhura ana mizani ndogo isiyozidi kitabu, inasoma gramu moja moja, unaweka bakuli juu, unabonyeza, inarudi sifuri yenyewe. Naipenda sana. Betri ikiisha anakuja kuazima kopo langu, ambalo mistari yake bado inasomeka ukiliinamishia kwenye mwanga. Sina kinyongo na vitu vipya. Ningekuwa na kile kidude Jumanne ile, ningelala vizuri miaka mingi.

Mengine ni machache. Uzito wa Bahati ulisimama siku mbili, kisha ukaanza kupanda. Mapaja yakajaa. Akaanza kumvuta Riziki nywele, na Riziki akaanza kumshtaki, na kwenye hema lao kukawa na kelele za kawaida za nyumba yenye watoto. Siku waliyoruhusiwa kuhamia kambini, Mama Riziki alikuja dirishani na mtoto mgongoni. Akamfungua, akamsukuma mikononi mwangu.

"Mubebe," akasema. "Uniambie iko na kilo ngapi."

Nikambeba. Alikuwa wa moto, mzito, ananuka maziwa, akanishika sikio. Nikampima kwa mikono yangu hii, mikono ya miaka yote ile, nikasema kwa uhakika, "Nane na nusu."

Nesi Leokadia akamtia kwenye mizani. Mshale ukacheza, ukatulia kwenye saba na nusu.

Mama Riziki alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti cha jiko. "Kilo nzima! Mama Tatu, hata leo haujajua kilo!"

Nikacheka na mimi, machozi yananitoka. Kisha nikamtoa Bahati kwenye mizani nikamrudisha begani kwangu, na mama yake alipoinua mikono kumpokea, nikamwambia asubiri kidogo.